Mwacheni Mtoto Achore Beji Yake



Mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu, ametuletea suala ambalo naona linawagusa wengi. Binti yake aliye gredi ya 6 amerudi nyumbani na fomu ya shindano la wanafunzi la kubuni beji, ile beji ndogo ya madini inayobandikwa kwenye ukosi wa koti au kifuani pa sare. Mchoro utakaoshinda utapelekwa kiwandani, na beji itavaliwa na wanafunzi wote. Binti amechora jahazi. Mama asema jahazi lenyewe limekwenda upande, na mjomba wa binti, ambaye kazi yake ni kutengeneza mabango, yuko tayari kulichora upya kwa kompyuta kabla ya siku ya mwisho. Auliza: pana ubaya gani, ikiwa fikra ni ya mtoto na mkono tu ndio wa mjomba?

Jawabu langu ni kuwa mjomba asiiguse karatasi ile. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza mambo ambayo yeye na mama wanaweza kuyafanya, nayo si haba.

Fomu za mashindano kama haya kwa kawaida huwa na mahali ambapo mwanafunzi, au mzazi kwa niaba yake, hutia saini kuthibitisha kuwa kazi ni ya mwanafunzi mwenyewe. Saini hiyo ni ushahidi. Mama akiitia ilhali ajua kuwa jahazi ni la mjomba, ametoa ushahidi usio wa kweli, na mtoto amesimama hapo anatazama. Kesho tutamwambiaje asinakili majibu ya mwenziwe katika mtihani? Tena iko haki ya watoto wengine, wasio na mjomba mwenye kompyuta, ambao wamekaa na penseli zao hadi usiku. Na liko jambo la tatu ambalo wazazi hulisahau: mtoto akiona mchoro wake umefutwa na kuchorwa upya na mtu mzima, hufahamu kuwa wakubwa wake hawakuuona unafaa. Hata beji ikishinda, ataivaa akijua kuwa si yake. Hukumu ni hiyo hiyo kwa picha iliyochukuliwa katika intaneti, na kwa programu za siku hizi ambazo huambiwa maneno mawili zikachora zenyewe.

Wazazi wengi huingilia kati kwa kudhani kuwa ushindi ni wa fundi wa kuchora. Tazameni mfano huu, ingawa ni wa bendera wala si wa beji, kwani kazi ni moja: kubuni alama itakayowatambulisha watu. Alaska, ilipokuwa ingali chini ya utawala wa Marekani bila ya kuwa jimbo, iliitafuta bendera yake kwa kuwashindanisha wanafunzi. Aliyeshinda mwaka 1927 ni Benny Benson, mwanafunzi wa darasa la saba aliyelelewa katika nyumba ya mayatima mjini Seward. Michoro iliyoletwa ilikuwa mamia. Wengine walichora dubu weupe, jua la usiku wa manane, sinia za kuoshea dhahabu, na muhuri wa serikali. Benny alichora nyota 8 za dhahabu juu ya uwanja wa buluu: 7 za kundi la Dubu Mkubwa, na moja ya Kaskazini. Akaandika maelezo mafupi, kwamba buluu ni ya mbingu ya Alaska na ya ua dogo liotalo huko, nyota ya Kaskazini ni ya jimbo ambalo siku moja lingekuwa la kaskazini kuliko yote, na Dubu Mkubwa ni alama ya nguvu. Alizawadiwa saa na dola 1,000 za kusomea, na bendera yake ndiyo inayopepea Alaska hadi leo. Mkono wa fundi haukuhitajika kuchora nyota zile. Kilichohitajika ni mtoto aliyejua anataka kusema nini, akaacha mengine.

Beji yahitaji uchache kuliko bendera. Nyingi hazizidi upana wa milimita 25 au 30. Kiwandani, mchoro huchongwa katika muhuri wa chuma, na muhuri hugandamizwa juu ya bati la shaba au madini mengine. Mahali palipobonyea hutiwa rangi, na kuta nyembamba za madini zilizoinuka ndizo zinazozuia rangi zisiingiliane. Kwa hiyo kila rangi yahitaji mpaka wake. Rangi zinazofifia polepole, kama mbingu ya magharibi, hazifai kwa kazi hii. Mstari mwembamba mno hupotea, na maandishi madogo hayasomeki.

Kina mama mwalijua jambo hili kuliko mnavyodhani. Mnapochagua kanga dukani, mwautazama mji, mwalitazama pindo, kisha mwalisoma jina. Kanga yenye mji uliojaa vitu vingi haitambulikani ng'ambo ya barabara, na jina lake huwa ni sentensi moja tu. Jicho hilo hilo latosha kumsaidia mtoto.

Nasi tunao mfano wa kale wa alama ndogo. Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kuwa hawasomi barua isiyopigwa muhuri. Akatengenezewa pete ya fedha, ikachorwa maneno matatu katika mistari mitatu: Muhammad, Rasul, Allah. Kisha akawakataza watu wasichore katika pete zao mchoro kama ule. Maneno matatu yalitosha, na alama ya mwenyewe haikuruhusiwa kuigwa. Lakini mtoto asichukue hapo dalili ya kuandika Jina la Allah au aya katika beji ya shule. Sare huingia chooni, hutiwa katika karai la kufulia, na beji hudondoka njiani ikakanyagwa. Na familia inayojizuia na picha za viumbe wenye roho haina haja ya kumzuia mtoto asishiriki. Benny alimtia dubu katika bendera kwa nyota tu.

Sasa, mama na mjomba wafanye nini? Mama aanze kwa kuuliza: "Mtu akiiona beji hii, wataka ajue nini kuhusu shule yako?" Aulize, kisha anyamaze, asimtilie jawabu kinywani. Kisha ampe sarafu ya shilingi 20, ambayo inakaribia ukubwa wa beji, aizungushie penseli na achore jahazi lake ndani ya duara hilo mara 10. Ataona mwenyewe kuwa kamba, mabaharia na mawimbi havina nafasi, na huenda likabaki tanga peke yake. Karatasi iwekwe hatua 2 mbali, na mdogo wake aulizwe anaona nini. Akisema anaona ndege, binti atajua pa kurekebisha bila ya kuambiwa na mtu mzima. Mjomba, kwa kuwa ni mtu wa kazi, amweleze habari ya muhuri na kuta za rangi, na amwonyeshe beji za kweli azishike. Na kabla ya kulinyosha lile jahazi lililokwenda upande, binti aulizwe kwa nini amelichora hivyo. Jahazi lililopata upepo hulala upande.

Wazazi waisome fomu pamoja na mtoto: siku ya mwisho, ukubwa wa mchoro, idadi ya rangi, na hasa ni nani atakayemiliki mchoro baadaye. Mara nyingi huwa ni mali ya mwenye shindano. Geuzeni chupa ya plastiki jikoni mtazame chini yake: nyingi zina mishale 3 inayofuatana katika pembetatu. Alama hiyo imetokana na mchoro wa Gary Anderson, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko California aliposhinda shindano la kampuni moja ya makaratasi mwaka 1970. Imeenea duniani, na wengi waionao kila siku hawajapata kulisikia jina lake. Mtoto aelezwe hayo mapema, ili ajue kuwa akishinda, wengi wataivaa kazi yake bila ya kumjua, na afurahi kwa hilo. Na kabla ya kupeleka mchoro, itolewe nakala ibaki nyumbani.

Mwisho, tuwaandae watoto kwa matokeo. Watoto wengi huingia na mmoja hushinda. Mtoto akikosa, tusimfariji kwa kuwasingizia waamuzi upendeleo, kwani tutakuwa tumemfundisha kukataa hukumu kila isipompendeza. Tumwombe atuonyeshe ile iliyoshinda na atueleze uzuri wake. Kisha nakala yake ibandikwe sebuleni, mahali ambapo wageni wataiona na kumuuliza habari zake. Atakuwa na la kuwajibu, kwa sababu kila mstari ameuchora yeye.