Gari Linapovuja, Tutafute Njia ya Maji

Ndugu wasomaji, wiki hii tunazungumzia jambo linaloonekana dogo, lakini lilikaribia kutuvunjia heshima mbele za watu: maji ya mvua ndani ya gari.

Mpwa wetu hapa Lushoto alikuwa na gari dogo la michezo la milango miwili, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma. Alilinunua likiwa limekwisha tumika, akawa analikodisha kwa ajili ya harusi. Wazee wa milima ya Usambara hawashangazwi na paa la turubai, kwani Land Rover za zamani zilipanda milima hii zikiwa na paa la namna hiyo. Tofauti ni kwamba sakafu ya Land Rover ile ilikuwa bati tupu. Maji yakiingia, yalifagiwa nje. Gari la siku hizi lina kapeti, chini ya kapeti kuna sponji, na chini ya sponji hupita nyaya za umeme.

Asubuhi moja ya vuli, bi harusi alipakiwa kupelekwa Mombo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, lakini asubuhi jua lilitoka na mbingu ikatakata. Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo, kiasi cha kilomita 33, huteremka kwa kona juu ya kona. Walipoipita Soni, maji yakachuruzika kutoka chini ya kiti na kufika miguuni mwa bi harusi. Viatu vikalowa, pindo la nguo likalowa, na kaka yake aliyekuwa akiendesha akakosa la kusema. Mpwa wetu alirudisha fedha zote za kukodi, akaomba radhi.

Fundi wa kwanza alikilaumu kioo cha mbele, kwa sababu maji yalionekana mbele. Akapaka silikoni kukizunguka kioo chote. Mvua iliyofuata, maji yakarudi vilevile. Vuli ikaisha, jua la Januari likawaka, kapeti ikakauka juu, na hapo akatokea dalali mwenye ushauri mwepesi: gari lipuliziwe marashi, liuzwe Tanga kabla ya masika. Mnunuzi angegundua nini wakati wa jua?

Tukiri kwamba kijana alisita, kwani fedha zilikuwa zikihitajika. Mama yake, dada yetu, ndiye aliyemkumbusha kisa anachokijua kila mtoto wa madrasa: Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakutana na majimaji. Mwenye mali akasema kuwa ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka juu iliyolowa ili watu waione, na udanganyifu ule ukakemewa vikali. "Mwanangu," alisema dada, "hata hilo lako ni mvua iliyofunikwa."

Kijana akanyamaza. Jumamosi iliyofuata tukamwita fundi mmoja mtu mzima. Yeye hakufungua kopo lolote. Aliuliza tu: "Usiku ule gari lililala limeelekea wapi?"

"Kichwa juu, mzee," akajibiwa. Ua wetu una mteremko, kama zilivyo nyua nyingi za huku.

"Basi maji yaliingilia nyuma, yakalala chini ya kapeti. Mlipoteremka Soni yakaja mbele."

Ndugu wasomaji, hilo ndilo somo la kwanza. Maji huingia mahali pamoja, hufuata bati na mteremko, kisha hujitokeza mahali pengine kabisa. Anayeziba pale anapoyaona huenda anaziba pasipo na kosa.

Kabla ya kuilaumu mvua, yatambuliwe maji yenyewe. Yakiwa na utelezi na harufu ya utamutamu, huenda ni maji ya kupoza injini yanayovuja kwenye kipasha joto. Yakionekana baada ya kutumia kiyoyozi hata wakati wa kiangazi, huenda mrija wake wa kutoa maji umeziba. Yakiongezeka baada ya mvua au kuoshwa gari, hapo tutafute tundu.

Kisha gari likaushwe kweli. Kapeti ikiguswa juu huweza kuonekana kavu ilhali sponji iliyo chini yake imebeba maji ya wiki nyingi. Tuliing'oa kapeti, tukaianika juani siku mbili, na kumbe sakafu ilikuwa imeanza kushika kutu. Vioo vinavyojaa mvuke kwa ndani kila asubuhi na harufu ya koga ni dalili za sponji iliyolowa.

Baada ya hapo hufuata kutafuta, na kazi hii huhitaji watu wawili: mmoja nje na mpira wa maji, mwingine ndani na tochi. Maji yatiririshwe polepole, kuanzia chini na kupanda juu, sehemu moja kwa dakika kadhaa kabla ya kuhamia nyingine. Ukianza juu, maji hulowesha kila kitu nawe hutajua yameingilia wapi. Mashine ya kuoshea kwa nguvu isitumike, kwani husukuma maji hata mahali pasipovuja mvua ya kawaida. Mpira wa mlango hupimwa kwa kipande cha karatasi: funga mlango juu yake, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, hapo mpira umechoka au mlango haukai sawa.

Mlango wenyewe una siri yake. Maji kupenya kando ya kioo na kushuka ndani ya mlango ni jambo la kawaida. Yamewekewa vitundu vya kutokea chini. Vitundu vikiziba, au karatasi ya nailoni iliyo nyuma ya bodi ya ndani ikichanwa na aliyefunga spika, maji huingia kwenye kapeti.

Kosa la gari letu lilikuwa jingine. Pale turubai linapoishia nyuma ya viti kuna mfereji, na kila upande una mrija wa kuyapeleka maji chini ya gari. Mrija wa kushoto ulikuwa umeshindiliwa majani ya msonobari na udongo, kwa kuwa gari hulala chini ya mti. Fundi aliuzibua kwa uzi mnene wa nailoni, taratibu. Alituonya tusitumie waya mgumu unaotoboa mrija, wala upepo wa mashine unaoweza kuuchomoa. Kisha akamimina kikombe cha maji juu, nasi tukayaona yakidondoka chini ya gari.

Ama silikoni, si adui, lakini si dawa ya kila kidonda. Ikipakwa juu ya uchafu hubanduka. Ikipakwa ovyo huweza kuyafungia maji ndani. Na ile yenye harufu ya siki huweza kuharakisha kutu kwenye bati. Turubai nalo lioshwe kwa sabuni laini, lipakwe dawa ya kuzuia maji inayofaa kitambaa chake, wala lisikunjwe likiwa bichi.

Mwishoni mwa Januari alikuja mnunuzi kutoka Tanga. Mpwa wetu akamweleza habari yote, ya bi harusi ikiwemo, akamwonyesha kutu ya sakafuni, kisha akampa kikombe amimine maji mwenyewe. Mnunuzi akainama chini ya gari, akatazama, akaomba apunguziwe bei kwa ajili ya kutu na ile silikoni iliyochafua kioo. Akapunguziwa.

Masika ilipofika alitupigia simu kutusalimu, akasema kapeti ni kavu. Dada alipopewa habari, alisema Alhamdulillah, akaendelea kuchambua maharage yake.