Majaribio ya tovuti yaandikwe ya kudumu

Juni 2023 serikali ya Kenya ilitangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa kwenye eCitizen, tovuti yake ya huduma za umma. Kwa mkazi wa Mashimoni kule Kibera, maana yake ni kwamba ombi la pasipoti au cheti cha polisi cha tabia njema hupitia kivinjari, cha simu yake au cha saiba, yaani duka la intaneti. Tovuti ya namna hii ikifanyiwa mabadiliko usiku, na asubuhi kitufe cha kulipia kikagoma, hasara ni ya mwananchi: kibarua cha siku kimempita na pesa ya saiba imeliwa bure. Ndiyo maana jinsi waundaji programu wanavyopima kazi yao kabla ya kuiachilia ni jambo la kujadiliwa gazetini. Nami nashikilia kwamba majaribio ya kiotomatiki yasiyotunzika hayana faida zaidi ya kukosa majaribio kabisa, na kwamba kutunzika huko hutegemea sana kitu kimoja wanachokiita objekti ya ukurasa.

Vifaa vya kuandikia majaribio havina uhaba. Selenium, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins akiwa katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago, ni ya bure, na kazi yake ni kukiamuru kivinjari kifungue ukurasa, kijaze fomu na kubofya vitufe. Taabu huanza pale kila jaribio linapobeba lenyewe habari za mahali kitufe kilipo. Tuseme majaribio 60 yote huanza kwa kuingia kwenye akaunti. Msanifu akibadilisha jina la kisanduku cha nywila, yote 60 huanguka ilhali tovuti ni nzima. Timu huyarekebisha mara ya kwanza, mara ya pili hulalamika, mara ya tatu huyazima. Dawa yake ni objekti ya ukurasa, yaani kipande cha programu kinachobeba peke yake habari za ukurasa mmoja: hufanya kazi kama mhudumu wa saiba. Mteja husema tu anachotaka, na mhudumu ndiye ajuaye pa kubofya. Ukurasa ukibadilika, anayejifunza upya ni yeye peke yake. Basi jaribio liseme "omba cheti" na "lipa ada", na habari za visanduku zikae katika faili moja. Kusubiri ukurasa uliochelewa nako kuwekwe humo humo, kwa kungoja kitufe kionekane; kuagiza jaribio lilale sekunde tano kila mara ni kubahatisha tu. Hukumu ya kufaulu au kufeli, kama Martin Fowler, mwandishi wa masuala ya uundaji programu, alivyopendelea alipoandika kuhusu mtindo huu mwaka 2013, ni heri ibaki ndani ya jaribio.

Wapo wanaosema huu ni mzigo wa ziada kwa timu ndogo, na kwamba kijana mmoja mwenye simu anaweza kupima kwa mkono. Anaweza, wiki ya kwanza. Huduma zikifika maelfu, hakuna mkono utakaozipitia zote kila mabadiliko yanapofanyika. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba objekti hizi huvimba hadi faili moja ikawa na maelfu ya mistari isiyosomeka. Hilo ni kweli, na dawa yake ni kuzigawa: menyu iwe na objekti yake, fomu ya malipo yake. Wengine hutegemea programu mpya zinazojitafutia kitufe kilichohama. Zinasaidia, lakini huweza kubofya kitufe kisicho chenyewe na kuripoti kuwa mambo ni shwari, jambo baya kuliko kuanguka. Na mtu asidhani majaribio haya yangezuia shambulio la mtandaoni lililoyumbisha eCitizen Julai 2023. Hilo ni tatizo jingine, lenye kinga nyingine.

Kibera yenyewe ina vijana wa kazi hii. Mwaka 2009 vijana wa Map Kibera walichora ramani ya mitaa yao, na Taasisi ya Tunapanda imekuwa ikifundisha teknolojia papo hapo. Wanaofundisha vijana kama hao wasiishie kwenye kuunda tovuti. Wafundishe pia kuandika majaribio yatakayosomeka baada ya mwandishi wake kuhama kazi. Na idara za serikali zinapotoa zabuni ya tovuti, zidai majaribio hayo yakabidhiwe pamoja na tovuti, na mkandarasi asilipwe fungu la mwisho kabla hayajaendeshwa mbele ya maafisa wa idara husika.