Asiyeshika Kamera Hushikwa Nayo



Kila matokeo ya mitihani yatokapo, katika nyumba zetu za pwani hutokea jambo moja. Kijana aliyefaulu akisema ataka kusomea udaktari, husomewa dua. Akisema sheria au uhasibu, baba huridhika. Lakini akisema ataka kwenda Chuo Kikuu kusomea utengenezaji wa filamu na televisheni, nyumba huingia msiba. Mama hulia, ami huitwa, na neno la mwisho huwa: "Hatukukulea uje kuwa mcheza sinema." Na usiku ule ule, baada ya kuswali Isha, baba na mama na ami huketi mbele ya televisheni wakatazama mchezo wa Kituruki hata saa tano.

Hapo ndipo penye ugomvi wetu. Sisi hatukuikataa filamu, tumekataa kuijua tu. Twaila kila siku, na watoto wetu twawakataza kuingia jikoni. Kisha twalalamika kuwa chakula kina sumu.

Wapo wasemao kuwa picha zote ni haramu. Aliyeishika kauli hiyo kwa kweli, akaiondoa televisheni nyumbani mwake, twamheshimu na hatuna neno naye. Lakini wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya picha za kamera tangu zamani. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri toka 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuzijuzisha, akaeleza kuwa kamera haiumbi kitu, huzuia kivuli tu. Tunayemlaumu ni yule ashikaye kauli ya uharamu kwa mwanawe, na kauli ya uhalali kwa macho yake mwenyewe.

Na Imam Ghazali, katika Ihya, alihesabu udaktari na hesabu, na hata kilimo, ufumaji na kuumika, kuwa ni fardhi kifaya: lazima mjini awepo wa kuifanya kazi hiyo, ama sivyo wote huingia dhambini. Kwa hivyo la kuulizana ni hili: je, umma waweza leo kuishi kwa salama bila ya watu wake wenye kuijua kazi ya picha?

Tutazame mbali kidogo na pwani, tuone yanayowapata wasio na mtu wao nyuma ya kamera. Mkoani Manyara, Tanzania, ziko wilaya mbili jirani, Mbulu na Hanang. Katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wanaishi Wahadzabe, watu wachache mno, ambao baadhi yao hata leo hula mawindo, asali na mizizi. Mwaka 1966 ilitoka filamu juu yao, kazi ya mtaalamu wa Kiingereza James Woodburn pamoja na Sean Hudson. Mwaka 2014 Mmarekani Bill Benenson akatoa nyingine. Hatusemi kuwa kazi hizo ni mbaya. Woodburn alikaa na watu wale akajifunza lugha yao. Tusemalo ni kwamba baina ya filamu hizo mbili yamepita miaka 48, na katika ya kwanza na ya pili mwenye kutengeneza ni mgeni, na Mhadzabe ni wa kutazamwa.

Mtu aweza kusema, "Na iwe, wamedhurika nini?" Ajibiwe kwa mambo ya mwaka 2007. Kampuni ya uwindaji iliyohusiana na ukoo wa kifalme wa Abu Dhabi ilitaka bonde lile la Yaeda liwe mahali pa kuwindia. Wahadzabe walilia, na kilio chao kikafika duniani kwa magazeti ya Ulaya na Marekani, hata kampuni ikajitoa. Mwaka 2011 walipewa hati za kumiliki sehemu ya ardhi yao. Alhamdulillahi haki ilipatikana; lakini ilibidi ipitie kinywani mwa wageni. Lau wale waandishi wangekuwa na shughuli nyingine mwaka ule, nani angesikia? Na tusione haya kulisema: waliolitaka bonde ni ndugu zetu katika dini, na waliowatetea wanyonge ni wengine. Sisi tulikuwa wapi? Hatukuwa na kijana wa kwenda Yaeda na kamera yake akaturudishia habari, tukapata kuwanasihi ndugu zetu.

Hanang nako kuna mafunzo. Katika nyanda za Basotu, shirika la NAFCO, kwa msaada wa Canada, lililima mashamba ya ngano ya kiasi cha ekari laki moja, mahali ambapo Wabarabaig walikuwa wakilisha ng'ombe wao. Matrekta yalipita juu ya makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa ikawashinda. Miongoni mwa sababu, hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji. Watu waliozikwa babu zao pale! Hatusemi kuwa picha ingeigeuza hukumu. Twasema kuwa asiyehifadhi habari zake huja siku akaambiwa athibitishe kuwa yupo.

Na sisi wa pwani tusijione tuko mbali na hayo. Viwanja vyetu vya mikoko na makaburi ya mashekhe wetu vina hati ngapi, na picha ngapi za kuaminika? Anayetuonyesha duniani ni nani? Katika filamu za wageni mtu wa kanzu na kofia mara nyingi ni gaidi au mwenye duka mjanja, na mwanamke wa buibui ni wa kuonewa huruma. Twakasirika, twazima, kesho twafungua tena. Hasira haijatengeneza filamu hata moja.

Mtazameni Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab, Syria. Alitaka kwenda Marekani kusomea filamu, na yasimuliwa kuwa baba yake, ambaye hakuwa tajiri, alimpa dola 200 na Msahafu, akamwacha aende. Alisoma Los Angeles. Mwaka 1976 akatoa filamu ya Risala, juu ya mwanzo wa Uislamu, ambamo Mtume, Swalla Llahu alayhi wasallam, haonekani wala sauti yake haisikiki. Wapo wanavyuoni walioipinga, na ni haki yao. Lakini ni wangapi katika nyumba zetu walioijua habari ya Hamza kwa mara ya kwanza kwa filamu ile? Lau baba yule angeita ami!

Husemwa pia kuwa kazi hii ina uchafu. Ni kweli, unao, na hatuufichi. Dawa yake ni kuingia wenye adabu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliporomoka toka Mlima Hanang likauangukia mji wa Katesh na vijiji jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Misiba ya namna hii siku hizi hupigwa picha na kila mwenye simu, na maiti asiye na stara huzungushwa mji mzima kabla mamake hajajua. Sura ya Hujurat, katika aya ya 6, yatuamuru tuhakikishe habari, na katika aya ya 12 yatukataza kupeleleza na kusengenya. Nani ahitajiaye mafunzo hayo kuliko mpiga picha? Na aliyesoma vizuri hufundishwa kuomba ruhusa, kupima habari, na kujua lini afunge kamera yake.

Na binti zetu je? Katika harusi zetu ukumbi wa wanawake hufungwa kwa stara, kisha huletwa mwanamume na kamera yake akawapiga picha wote wasio na buibui. Baba ahofuye fitna angempeleka bintiye akaisome kazi hiyo, afanye yeye.

Wasemao kuwa ajira ni chache, hao wana haki. Basi mzazi aulize kabla ya kulipa ada: chuo kina vyombo, au vitabu tu? Mwanafunzi hutoa kazi ngapi kabla ya kuhitimu? Walimu wenyewe wamewahi kutengeneza nini? Fani hii husomeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Bagamoyo, mji wa pwani yetu, kiko chuo cha sanaa tangu 1981. Mzazi na aende akaone kwa macho yake.

Enyi wazazi, mtoto akija na shauri hili msimlilie kama aliyekufa. Mpeni dua, mpeni na masharti: swala zake, ukweli wa habari, na stara ya watu. Kisha muacheni aende.

Wabillahi taufiq.