PICHA YA POSA NI AMANA



Ndugu yangu Muislamu, niliitwa kusuluhisha familia mbili. Binti ana kovu la moto shavuni tangu utotoni. Shangazi yake alilifuta kwenye simu, akamng'arisha na ngozi, kisha akaituma picha kwa upande wa mposaji. Siku ya kuonana kijana aliinua macho akashtuka, na binti akaona kwamba ameshtuka. Posa ikavunjika. Baba wa kijana akaniambia: “Sheikh, kovu lisingetushinda. Kilichotushinda ni kujiuliza, ni kipi kingine tumefichwa?”

Mughira bin Shu'ba (radhiya Allahu anhu) alipotaka kuoa, Mtume ﷺ alimwelekeza akamtazame kwanza yule mwanamke, kwa kuwa hilo linasaidia mapenzi yao kudumu. Sasa jiulize: ukimtumia mtu sura ambayo haipo, amemtazama nani?

Na unaijua habari ya muuza chakula sokoni. Mtume ﷺ aliingiza mkono ndani ya lundo, vidole vikapata unyevunyevu. Muuzaji akasema kimenyeshewa mvua. Mtume ﷺ akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, akatahadharisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Zingatia: muuzaji yule hakutamka uongo. Aliweka kikavu juu, basi. Filta nayo haisemi neno.

Utaniambia: “Sheikh, mbona pambo limeruhusiwa?” Ndiyo, pambo la halali mahali pake halina ubaya. Picha iliyopigwa gizani ukaiongezea mwanga, umemsaidia mtu aone. Ukichonga pua, ukabadilisha rangi, ukafuta kovu, umemzuia asione. Hapo ndipo mpaka ulipo.

Ufaransa haihukumu kwa sharia yetu, lakini tangu 2017 inalazimisha tangazo la biashara lililopunguza au kunenepesha mwili wa mwanamitindo liandikwe kwamba picha imerekebishwa. Ikiwa mnunuzi wa nguo ana haki ya kujua, vipi anayechagua mwenza wa maisha?

Lakini kinachoniumiza zaidi ni yule binti. Kabla kijana hajashtuka, mtu wa nyumbani kwake alikuwa ameshamwambia bila kutamka: uso aliokupa Allah haufai kuonekana. Shangazi alikusudia wema, na jeraha likawa la pili.

Basi wewe mzazi, shangazi, mshenga, picha yoyote iwe ya stara, kwa idhini ya walii na ridhaa ya mwenyewe, na iwe ni yeye. Kama umeshatuma isiyo yeye, usingoje siku ya kuonana. Tuma nyingine leo, useme ukweli. Atakayerudi nyuma kwa sababu ya kovu, amemwepushia binti yako ndoa ya majuto. Atakayekuja, amemjia yeye.

Ewe Allah, turidhishe na ulivyotuumba, na uzipambe tabia zetu. Aamiin.

Wallaahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.