MTWARA KUCHELE, ILA MAGITAA YANAZAMISHWA KWENYE EKO

Leo tunawasema watu, na watanuna. Shughuli nyingi zenye bendi ya laivu hapa mjini, iwe Shangani au Magomeni, ukikaa meza ya nyuma unachosikia ni MC, besi, na kitu fulani kama upepo unaopita kwenye mabati. Huo upepo ndo gitaa la solo, ndugu zangu. Kuna mtu amekesha wiki nzima anafanya mazoezi ya hicho kitu!

Mchawi wake anaitwa riveba, ambayo mtaani wote tunaiita eko. Na wanaoiweka ni wenzetu kabisa, tunawajua, tunasalimiana nao pale stendi.

Tuanze na kisa chenyewe. Kuna mpiga solo mmoja, jina kapuni, mikono yake haina mjadala. Kwenye harusi moja mwaka huu fundi mitambo (naye kapuni, ila akisoma atajijua) alimchomeka moja kwa moja kwenye miksa akamfungulia eko ileile anayompa MC. Jamaa anapiga, vidole vinakimbia, ukumbini inasikika vuuuuu. Kamati ikasema gitaa "linapiga kelele". Shughuli iliyofuata ya ukoo uleule wakachukua kinanda na flash. Kijana kakosa hela ya kodi kwa sababu ya nobu moja ambayo hata hakuigusa yeye. Halafu tunakaa vibarazani kulalamika kwamba bendi zimekufa, vijana hawataki kujifunza gitaa. Wajifunze ili iweje?

Tupige hesabu kidogo, msikimbie. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Ukumbi wenye mita 17 kutoka jukwaani hadi ukuta wa nyuma, sauti inagonga na kurudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kuta za sementi, sakafu ya vigae, juu bati, pazia hakuna. Yaani ukumbi wenyewe tayari ni mashine ya eko na hujalipia. Sasa chukua wimbo wa kuchezesha, mapigo 120 kwa dakika, solo anapiga noti nne kila pigo. Hizo ni noti nane kwa sekunde. Fundi kaweka eko ya sekunde tatu. Noti ya kwanza haijamaliza kulia, nyingine 24 zimeshampanda mgongoni. Hapo hata angekuja nani kupiga, ni uji tu.

Dansi letu limejengwa kwa magitaa kuongea. Solo anauliza, rithimu anajibu, besi anawaamulia. Tafuta Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, au Sikinde ya miaka ya mwanzo, vaa earphone, sikiliza gitaa peke yake. Lipo karibu, kavu, utadhani mtu yuko chumbani kwako. Utamu wote uko kwenye nafasi kati ya noti na noti, na hiyo nafasi ndo eko inaifukia.

Najua kuna wanaosema eko ndo inaleta "uprofesheno". Wengi wameiona YouTube, kwenye nyimbo za kuabudu za kule nje, gitaa linaelea kama mawingu. Sawa, ule wimbo unakwenda taratibu, mpiga gitaa anagusa noti moja anaiacha ipumue. Kwa kwaya inayopiga polepole mimi sina neno, wekeni. Lakini kuna kaka mmoja (kapuni) kanunua pedali ya hivyo kwa hela inayonukia korosho za msimu mzima, ina eko ya kanisa kubwa, eko ya pango, sijui eko ya anga za juu, halafu anaipeleka kwenye mchiriku. Kaka, hapana.

Sasa uchague nini? Sikiliza wewe unayejichanga.

Kama amplifaya yako ina springi ndani, una bahati. Kile ni kisanduku chenye springi zinazotikisika sauti ikipita. Fender walitoa kisanduku cha pembeni mwaka 1961, na mwaka 1963 wakaiingiza ndani ya amplifaya yenyewe, ile Vibroverb. Springi inakuwa nyuma ya noti, haiifuniki. Anzia sifuri, panda mpaka uanze kuisikia, kisha rudi nyuma kidogo. Ubaya wake ni mmoja: ukiigonga inanguruma kama radi, na kwenye bodaboda inagongwa. Halafu kwetu huku chumvi ya bahari haina huruma na chuma, kwa hiyo mtu wa Mikindani asiiache amplifaya barazani usiku.

Kama haina, nunua pedali ndogo ya nobu mbili tatu. Ile yenye makorokoro 40 waachie wenye studio. Na hapa ndo watu wengi wanaharibu: eko inakaa mwisho wa mstari. Gitaa, kisha distosheni, kisha eko, kisha amplifaya. Ukiweka eko kabla ya distosheni unakuwa unakwaruza ule mkia wote, inatoka kelele ya mashine ya kusaga. Na kama ukwaruzaji wako unatoka kwenye amplifaya yenyewe, angalia nyuma yake kuna matundu mawili yameandikwa Send na Return. Pedali ya eko inakwenda hapo. Hayapo? Basi acha amplifaya ipige safi na ukwaruzaji ufanye kwa pedali.

Eko ya miksa iwe chaguo la mwisho kabisa. Miksa nyingi za kukodi zina eko moja kwa wote, imewekwa kumpendeza MC anayetaka kusikika kama anatangaza kutoka mbinguni. Ukikubali kuingia humo, sauti yako si yako tena. Mwambie fundi mapema, kabla hamjaanza kupiga: mimi eko yangu ninayo mguuni, kwenye chaneli yangu weka sifuri. Kwa heshima, lakini kwa sauti. Bora zaidi, weka amplifaya jukwaani, maiki mbele ya spika.

Sehemu pekee ambayo nitakuruhusu kumwaga eko ni nje. Ukipiga ufukweni Msimbati hakuna ukuta, sauti inakwenda baharini hairudi, gitaa linasikika limekonda. Hapo ongeza bila woga. Ila Jumapili ukirudi ukumbini, rudisha nobu ilipokuwa. Kuna bendi moja inabeba mpangilio uleule ufukweni, ukumbini, mpaka kwenye turubai la msiba, na kiongozi wao anajiita mtaalamu.

Mafundi mitambo, mnalipwa na mnaheshimiwa, na wengine wenu kazi yenu ni safi. Lakini wale wawili watatu mnaokaa na simu nyuma ya miksa bendi ikipiga, mkiinuka tu kumuongezea MC sauti, sisi tuliolipa kiingilio tumechoka. Inukeni mzunguke mpaka meza ya nyuma mkasikie tunachosikia sisi.

Povu ruksa hapo chini. Ila kabla hujaandika, nenda ukumbi wa mtaani kwenu ukiwa mtupu, simama jukwaani, piga kofi moja kali, halafu utuambie limechukua muda gani kunyamaza, na ni ukumbi gani. Na wewe fundi wa ile harusi, maoni yako tutayaweka yote, hatukati hata neno.