Mkasi Juu ya Jina: Leso, Kiraka na Mwanafunzi wa Kiswahili

Neno 'kiraka' limeonewa katika lugha yetu. Mwandishi ambaye hoja zake hazishikani huambiwa kazi yake imejaa viraka. Sheria ikirekebishwa nusunusu, magazeti huandika kwamba imetiwa kiraka. Na katika hadithi tulizosomeshwa tangu shule ya msingi, nguo ya viraka ni alama ya ufukara, haihitaji maelezo zaidi. Ni watangazaji wa kandanda wa Tanzania peke yao waliolifanyia neno hili hisani, kwa kumwita 'kiraka' mchezaji anayeweza kucheza nafasi yoyote uwanjani. Makala haya yanakusudia kulitetea neno hilo, na zaidi ya neno, kuitetea kazi yenyewe ya kuunga vipande vya nguo. Nitafanya hivyo kwa kuiangalia leso kama inavyojulikana katika pwani ya Malindi na Kilifi. Hoja yangu ni kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeikata leso vibaya kuliko fundi yeyote mwenye mkasi.

Kwanza nieleze ninachokiita mfarishi wa fumbo, kwa kuwa si wasomaji wote waliowahi kukutana nao. Mfarishi, kama kamusi zetu zinavyolihifadhi neno hilo, ni nguo nene ya kulalia au kujifunikia, iliyoshonwa kwa tabaka. Huko Marekani na Ulaya kuna washonaji wanaopenda kuutengeneza kwa mabaki ya vitambaa, tena bila ya kuujua mwisho wake. Mbunifu mmoja huuficha mchoro mzima na kutoa maagizo kwa awamu: leo kata vipande kadhaa vya mraba vyenye rangi nyepesi, wiki ijayo viunganishe na pembetatu nzito, na kadhalika. Mshonaji huchagua vitambaa vyake mwanzoni kabisa, kabla hajajua kipi kitakaa kando ya kipi. Mchoro humjia mwishoni, kama jibu la kitendawili baada ya kutoa mji.

Msomaji atauliza jambo hili linatuhusu nini sisi. Linatuhusu kwa sababu leso yenyewe, kwa masimulizi yanayokubalika kwa wingi, ilizaliwa hivyohivyo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, vitambaa vya mkono vilivyochapishwa viliuzwa katika pwani yetu vikiwa havijakatwa, vimefuatana katika jora moja. Neno lenyewe latokana na Kireno, *lenço*, kitambaa cha mkono. Wareno waliofika Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498 na kupokewa vizuri walituachia pia meza, bendera na gereza, na kati ya hayo yote leso ndilo lililonoga. Wanawake walinunua kipande chenye vitambaa sita, wakakikata katikati wakapata vitatu na vitatu, kisha wakaviunga ubavu kwa ubavu ili wapate nguo pana ya kujifunga. Waliokuwa na jicho zaidi walinunua vitambaa vya michoro tofauti wakavichanganya, ili asitokee mwenziwe wa kufanana naye. Wenye maduka walipoona hivyo ndipo walipoagiza nguo nzima iliyochapishwa kwa mfano wa ile iliyoungwa. Kwa maneno mengine, kiraka kilitangulia na leso ikafuata. Vazi ambalo bibi arusi hatoki ndani bila yake, na ambalo maiti hawezi kuoshwa bila yake, lina asili ya viraka.

Wala si leso pekee. Kanzu, vazi tunalolidhania kuwa ni moja toka juu hadi chini, ni mkusanyiko wa vipande vyenye majina: badani, taharizi, kikwapa, kaba, sijafu. Hando la wanawake wa Kimijikenda halipati umbo lake ila kwa kitambaa kingi kilichokunjwa marinda na kupangwa kwa tabaka. Lugha inayokipa jina kipande kinachokaa chini ya kwapa haiwezi kusemekana kwamba haina msamiati wa ushonaji. Nalisema hili kwa sababu nimekwisha kuwasikia wanafunzi wenzangu wakidai kwamba kazi hizi 'hazina Kiswahili', na kwamba lazima tuunde istilahi mpya. Cherehani zipo barazani, mafundi wapo, maneno wanayo. Wanapiga bandi, wanatia bitana, wanakunja pindo. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi nao.

Nyuzi za nguo hizi zimepita mbali. Kabla ya leso kuenea, wanyonge wa pwani walivaa marikani na kaniki. Marikani ni Marekani: kitambaa kilichofumwa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts na kuletwa Unguja kwa merikebu za Salem, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Pamba yake ilichumwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya nchi hiyo. Biashara hiyo ilivurugika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861. Katika muongo huohuo mji wa Malindi ulikuwa ukifufuliwa na watawala wa Unguja, na mashamba yake ya mtama na ufuta yalilimwa kwa jasho la watumwa. Basi mtumwa wa Alabama alichuma pamba, na mtumwa wa Malindi akaivaa, na hapana kati yao aliyemjua mwenziwe.

Sitaki kulipita jambo hili haraka, maana hapo ndipo kiraka kinapopata uzito wake. Huko Alabama, mahali paitwapo Gee's Bend, kizazi cha watumwa wa shamba la pamba kiliendelea kushona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, ili kujikinga na baridi ya nyumba mbovu. Mwaka 2002 mifarishi hiyo iliwekwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na wahakiki wakaisifu sawa na michoro ya mabingwa. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ikaitoa katika stempu za posta. Huku kwetu utumwa haukupoteza nguvu ya kisheria hadi mwaka 1907, na wanahistoria wa Unguja wameonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoiacha kaniki na kuishika leso ili watambulikane kuwa ni watu huru. Kule walifanya viraka kwa kukosa. Huku waliviunga wakidai heshima. Kwa vyovyote vile, uchaguzi wa kitambaa haukuwa mchezo.

Sasa nirejee kwa mkasi. Katika maduka ya Malindi na Watamu mgeni hupata mikoba, mito na shuka zilizoungwa kwa mabaki ya leso na vitenge. Kazi nyingine ni nzuri, nyingine ni ya kulipua. Mshonaji anayejua hachagui kwa rangi tu, kwa kuwa nyekundu na kijani zaweza kuwa na uzito mmoja na zikimezana mchoro hupotea. Huchagua kwa wepesi na uzito wa rangi: kitambaa chepesi, cha wastani, kizito. Hutandaza vyote kivulini, akafinya macho, na kile kinachozama huondolewa. Kwa mfarishi wa fumbo kanuni hii haiepukiki, maana mshonaji hana jingine la kushika. Leso humrahisishia, kwa kuwa ina pindo nzito na mji ulio mwepesi zaidi mara nyingi, hivyo nguo moja humpa pande mbili za mizani. Tena leso kuukuu ni bora kuliko mpya, maana imekwisha kunywea na kulainika. Kitenge ni kigumu zaidi. Kikoi hufumuka nyuzi pembezoni, nacho chataka mshono mpana kuliko ile robo inchi ya kawaida. Na vyote vifuliwe kabla ya kukatwa, hasa vyekundu, visije vikachuja rangi juu ya vyeupe baada ya kazi ya miezi mitatu.

Lakini leso ina kitu ambacho kitambaa kingine hakina, nacho ni jina. Chukua leso yenye jina 'Mdhaniaye ndiye kumbe siye'. Mkasi ukikata miraba ya inchi mbili na nusu, neno 'ndiye' laweza kubaki peke yake ndani ya mto wa hoteli, likithibitisha lile ambalo leso nzima ilikuwa ikilikanusha. 'Wema hauozi' hubaki 'hauozi', na 'Usisafirie nyota ya mwenzio' hugeuka kuwa nyota tu. Fundi hana habari, mnunuzi hasomi Kiswahili, na leso aliyopewa mke na wifi yake kwa kusudi la kumchoma moyo inaondoka nchini ikiwa bubu. Wako wanaoliona hili kuwa ni kufuru ya kitamaduni. Mimi sioni hivyo. Fumbo la leso siku zote limekuwa jambo la vipande: mvaaji akijifunga, nusu ya jina huzama kwenye mkunjo, na anayelengwa hulikamilisha mwenyewe, kwa hasira.

Ninachokilalamikia ni kingine. Katika tasnifu na insha zetu za muhula tunakusanya majina ya leso kwa kadhaa, tunayaainisha kuwa ya mapenzi, ya husuda, ya dini, ya siasa, kisha tunahesabu tamathali. Leso yenyewe haimo. Hatusemi ilikuwa ya rangi gani, mji wake ulichorwa nini, ilivaliwa lini na nani alimpa nani. Tumelikata jina tukaitupa nguo. Fundi wa mikoba walau ametupa jina akabaki na nguo, na nguo hiyo inamlisha. Ushahidi mkubwa wa kosa letu ni kishutu. Leso hii nyekundu, nyeusi na nyeupe ni miongoni mwa michoro ya zamani kabisa, ni ya arusi, na katika vijiji vya Wamijikenda humtambulisha mganga. Aghalabu haina jina lolote. Kwa sababu hiyo haionekani katika orodha zetu za 'fasihi ya leso', ilhali bibi yeyote wa Malindi atakwambia kwamba hakuna leso isemayo kwa sauti kubwa kuliko hiyo. Mbinu ya utafiti inayoshindwa kukisikia kishutu ina kasoro, hata kama imejaa nadharia.

Najua pingamizi litakalotolewa na baadhi ya walimu wangu: kwamba idara ya Kiswahili si karakana ya ushonaji, na kwamba vitambaa ni kazi ya wanaanthropolojia. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama maandishi ya leso yangekuwa yameandikwa juu ya karatasi. Yalichapishwa juu ya nguo, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kilatini, na muuzaji anayetajwa sana katika historia hiyo, Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye leso zake hubeba alama ya 'Mali ya Abdulla', alikuwa mwenye duka la nguo. Wateja wake walichagua mchoro na jina kwa pamoja. Kuvitenganisha ni uamuzi wetu, na uamuzi hupaswa kutetewa.

Hapa Kilifi tuna chuo kikuu kamili tangu mwaka 2013, na mwendo wa saa moja hivi kwa matatu unakufikisha Malindi. Napendekeza chama chetu kifanye jambo moja dogo mwaka huu, lisilohitaji ruzuku. Kila mwanachama alete leso moja kuukuu kutoka kwao, kwa idhini ya mwenyewe. Tushone mfarishi wa fumbo, fundi mmoja wa barazani akiwa ndiye mwenye kuuficha mchoro na kutupa maagizo kwa awamu, naye alipwe ujira wa siku zake. Kabla ya kila leso kukatwa, mmoja asome jina kwa sauti, na mwingine aandike daftarini: jina, rangi, mchoro wa mji, nani alimnunulia nani na kwa sababu ipi, na kila neno la ushonaji litakalomtoka fundi kinywani. Kishutu kikiletwa, nacho kiandikiwe ukurasa wake kama nyingine zote. Mstari wenye jina utolewe mzima, na mistari hiyo yote iungwe upande wa chini, unaogusa kitanda, mmoja chini ya mwingine kwa utaratibu ule zilivyoletwa.