Faru na Jembe la Rhotia

Wako wasemao kwamba faru wa Ngorongoro aliangamizwa na jembe la mkulima wa Rhotia. Hoja hiyo ni kibogoyo: ina mdomo, haina meno. Katikati ya miaka ya 1960 kreta ilikuwa na faru zaidi ya 100; mwanzoni mwa miaka ya 1990 hawakutimia 20. Jembe lina deni lake kwa msitu, lakini faru aliuawa na jangili, na pembe ikasafiri hadi Yemeni kuwa mpini wa jambia, na Asia ya Mashariki kuwa dawa. Ulinzi ulipokazwa, faru waliongezeka, na Rhotia ingali inalima. Basi lawama na imfuate mnunuzi. Kumhukumu jirani kwa kuwa yu karibu ni kumfungulia mwizi mlango.